Miaka 63, sijapanda baiskeli tangu ujana: ninunue ipi ya njia za vumbi za Rabai?

#1 BabaRehema_Mikindani
Salaam aleikum. Nina miaka 63, nimestaafu kazi ya bandarini mwaka jana, naishi Mikindani, Mombasa. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa kijana, tena ilikuwa blekimamba ya marehemu baba. Tangu hapo ni miguu na matatu.

Sasa nataka kuanza tena. Barabara kuu siitaki, malori ya Changamwe nayajua vizuri na ndiyo maana nayaogopa. Nataka njia za vumbi: niingilie Mazeras, nipite Rabai, nifike Ribe, na Mungu akijaalia siku moja Kaloleni. Nina kishamba upande huo na njia naijua kwa miguu. Kuna mawe, kuna mchanga, kuna vilima vinavyokata pumzi, na mvua ikinyesha udongo unanata kama ugali usioiva.

Bajeti ni elfu 35, naweza kusogea hadi 40 nikipewa sababu. Sharti langu kubwa ni kwamba isinipeleke kwa fundi kila wiki. Goti la kulia si zima. Kijana wa jirani ameniletea picha ya baiskeli mpya kabisa, elfu 28, shokamzoba mbele na nyuma, gia 21, breki za diski. Anasema mifupa ya mzee inataka ulaini. Inapendeza macho, lakini nimeshika vyuma miaka thelathini na kitu kinachong'aa sana kwa bei ndogo hunitia shaka. Naomba ushauri wa waliopanda, si wa waliosikia.

#2 FundiMakupa
Shikamoo mzee. Usiinunue hiyo.

Nazifungua kila mwezi. Ile shokamzoba ya nyuma inashikiliwa na bushi za plastiki. Baada ya masika moja zinaanza kucheza, fremu inalia kama mlango wa kibanda. Ya mbele ni springi tupu ndani ya bomba lisilo na sili ya maana: maji yanaingia, springi inashika kutu, inabaki imeganda. Hapo unabeba kilo za bure. Gia ya nyuma ni friwili ya kukazwa kama skrubu kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na ekseli yake hupinda ukipiga mawe. Utakuja kwangu kila wiki, na mimi nitafurahi, lakini umeuliza ukweli.

#3 Pwani_Pedali
Fundi #2 amesema kweli. Naongeza jambo moja: shokamzoba nzuri zipo, zile za hewa, lakini peke yake inaweza kumeza bajeti yako yote. Na hata hizo si za kusahau. RockShox, watengenezaji wenyewe, wanataka miguu ya chini ya foki (uma wa mbele) ifunguliwe na kubadilishwa mafuta kila saa 50 za kupanda. Mzee akitoka mara mbili kwa wiki, saa tatu tatu, hiyo ni kila miezi miwili. Nani Mombasa atamfanyia kazi hiyo kwa bei ya mstaafu?

Chukua foki ngumu ya chuma na tairi nene. Inchi 2.1 au zaidi, upepo usijaze. Ulaini unaoutafuta uko ndani ya tairi.

#4 KaramaJomvu
Mnamzungusha mzee. Chukua Buffalo, ile nyeusi wanayopewa wanafunzi na wahudumu wa afya vijijini. Imetengenezwa na Wahindi, haina gia, haina waya, haina kitu cha kuharibika. Inabeba gunia. Mwisho wa maneno.

#5 MwalimuHesabu
Karama, Buffalo si ya Wahindi. Ni ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005 na F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli ya Chicago, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Hapa Kenya zinaunganishwa Kisumu. Unayochanganya nayo pengine ni Hero au Avon, hizo ndizo za India.

Ubora wake siupingi hata kidogo. Lakini ina zaidi ya kilo 20 na gia moja. Yule ni mwanzilishi wa miaka 63 mwenye goti bovu anayetaka kupanda kutoka Mazeras kwenda Rabai. Atakuwa anaisukuma zaidi ya kuipanda.

#6 KaramaJomvu
Nimekosea hapo kwa India, asante mwalimu. Ila kuna Buffalo mpya yenye gia mbili. Unarudisha pedali nyuma kidogo inabadilika yenyewe, ina minyororo miwili, haina waya wa gia wala direla (kile kimkono kinachohamisha mnyororo). Nimeiona kwa macho yangu.

#7 MwalimuHesabu
Ipo, inaitwa S2. Mbili ni bora kuliko moja. Kwa vilima vya Rabai bado ni chache.

#8 NyotaYaLikoni
Habari zenu. Mimi ni mama wa miaka 57, nilianza miaka minne iliyopita, kwa hiyo nasema niliyoyapitia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa fremu. Nilinunua ya kiume yenye bomba la juu refu, kwa sababu muuzaji alisema ya kike ni dhaifu. Wiki ya pili, njia ya Kombani, nikakwama kwenye mchanga. Mguu ukakosa kuvuka lile bomba, nikaanguka kwa nyonga. Nililala ndani siku kumi na moja nikimwangalia mwanangu akinipikia uji. Sikuvunjika, alhamdulillahi, lakini woga ulinikaa miezi.

Baba Rehema, kabla ya gia, kabla ya breki, simama juu ya baiskeli na nyayo zote mbili chini. Baki na nafasi ya upana wa mkono kati yako na bomba. Ikiwa haipo, rudisha, hata kama ni zawadi. Sasa nina ya bomba la kushuka, ya mtumba kutoka Uingereza, foki ngumu, tairi inchi 26. Nimeipanda hadi Kwale mjini, na Kwale ipo karibu mita 400 juu ya bahari. Nilipumzika mara sita. Nilifika.

#9 Mtaalamu_Viungo
Nashughulika na viungo vya watu kila siku, kwa hiyo niseme la goti. Goti linaumizwa na mambo mawili: kiti kilicho chini mno, na gia nzito. Waanzilishi wazee hushusha kiti ili miguu iguse chini wakiwa wamekaa, kisha wanasema baiskeli inaumiza magoti. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo juu ya pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Wiki za kwanza za kujifunza mizani shusha, sawa, baadaye pandisha kidogo kidogo.

La pili ni mikono. Baada ya sitini nguvu ya kukamata hupungua, na mteremko mrefu huchosha vidole. Kwa sababu hiyo mimi nitakwenda kinyume na mafundi: tafuta breki za diski za mafuta. Zinashika kwa kidole kimoja.

#10 FundiMakupa
Daktari nakuheshimu, lakini breki ya mafuta ikivuja Ribe nani ataitoa hewa na kuijaza mafuta upya? Ya waya ikikatika, duka lolote la baiskeli lina waya, kazi ya dakika kumi. Mzee amesema hataki fundi. Breki ya waya ndiyo isiyotaka fundi.

#11 Pwani_Pedali
Na mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa. Kwa unyevu huu wa Mombasa kila mwaka ni kubadilisha.

#12 MwalimuHesabu
Si yote, Pwani. Mafuta ya DOT, kama ya breki za gari, ndiyo yanayokunywa maji, na SRAM wameyatumia kwenye breki zao nyingi. Shimano wanatumia mafuta ya madini, hayo hayanywi maji. Nina breki za Shimano za daraja la chini mwaka wa tano sasa. Nimebadilisha pedi tu, na pedi zikilika breki inajisogeza yenyewe. Za waya za diski ndizo unazokaza kila mara kadiri pedi inavyopungua. Kwa hiyo ipi ndiyo isiyotaka fundi?

#13 NyotaYaLikoni
Mwalimu kweli, mpaka siku fundi asiyejua akupulizie oili kwenye diski. Nilimpelekea mmoja (si wewe Fundi Makupa) anipigie mafuta mnyororo, akapuliza kila kitu kinachozunguka. Nikashuka kilima cha Ng'ombeni breki ya nyuma ikiteleza kama sabuni. Pedi zilitupwa. Tangu siku hiyo hakuna mkono wa mtu unaogusa baiskeli yangu bila mimi kusimama hapo.

#14 FundiMakupa
Mama Nyota pole. Diski haipuliziwi kitu, hata mwanafunzi wangu wa kwanza anajua.

#15 TangaKwetu
Wakuu, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mbona hamzitaji breki za rimu? Zile za mikono miwili mirefu inayobana rimu. Pedi zipo kila soko, zinafungwa kwa ufunguo mmoja, unaona kwa macho zikiisha. Mimi napanda nazo vilima vya Usambara na sijaruka bondeni bado.

#16 Mtaalamu_Viungo
Tanga, kwenye tope zinateleza, na mchanga unakula rimu. Rimu ikiisha ni gurudumu zima.

#17 TangaKwetu
Rimu yangu imekula miaka saba, mkuu.

#18 KaramaJomvu
Buffalo ya gia moja ina breki ya kurudisha pedali. Hakuna waya, hakuna pedi, hakuna diski ya kupuliziwa. Nimemaliza.

#19 MwalimuHesabu
Karama unaipenda Buffalo kama ndugu wa tumbo moja 😄. Sikiliza basi: wale vijana wa Marin, California, miaka ya 1970, waliokuwa wakishuka milima na baiskeli kuukuu za chuma, breki zao zilikuwa za aina hiyo hiyo. Habu ilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi, wakifika chini inabidi waifungue na kuijaza grisi upya. Ndiyo maana njia yenyewe ikaitwa Repack. Kwa mteremko mfupi inafaa. Mteremko mrefu wa mawe una joto lake.

#20 Mrabai_Asili
Karibuni kwetu. Naona mnazungumza njia zetu bila wenyewe.

Baba Rehema, kutoka Mazeras mpaka Rabai panda asubuhi, saa kumi na mbili uwe umeondoka, jua la saa nne halina huruma. Ukifika pumzika hapo kwenye makumbusho, alipokaa mmisionari Krapf na mwenzake Rebmann kuanzia 1846, pana kivuli. Njia ya Ribe ina mawe makavu, msimu wa kiangazi unapita bila shida. Aprili na Mei usijaribu: udongo unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hata ya elfu 200 utaibeba begani. Kwa hiyo angalia nafasi ya tairi kwenye foki na nyuma, vidole viwili vipite. Madigadi ya kubana toa.

Na ombi moja kwa wote, nalisema kwa moyo wote. Mkiona msitu mnene juu ya kilima na kijia kinaingia, hicho si cha baiskeli. Ni kaya. Misitu ya kaya za Mijikenda imeingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini kwetu ilikuwa mitakatifu kabla ya karatasi yoyote. Kuna vijana walipita na magurudumu mwaka juzi wakipiga kelele, wazee walihuzunika sana. Ulizeni, mtaonyeshwa njia ya kuzunguka.

#21 BabaRehema_Mikindani
Mrabai ahsante, na hilo la kaya nimelisikia. Marehemu mama ni wa huko, tulikatazwa hata kuokota kuni.

Nimesoma yote mara mbili. Lile la kusimama juu ya bomba nimelijaribu kwa baiskeli ya mjukuu, sasa naelewa. Mnifafanulie gia. Pwani ameniandikia pembeni nitafute yenye meno ya mbele mamoja tu, yaani duara moja la meno pale kwenye pedali, kwamba ndiyo ya kisasa na rahisi. Wengine wananiambia tatu mbele.

#22 Pwani_Pedali
Nilisema hivyo kwa sababu mwanzilishi anachanganyikiwa na mikono miwili ya gia. Meno ya mbele mamoja, direla moja, waya mmoja, hakuna mnyororo kuanguka ndani. Na gia ya mlima ni nyepesi kuliko za zamani.

#23 MwalimuHesabu
Hapo mwisho hapana, Pwani, tupige hesabu. Baiskeli ya zamani ya mbele tatu: meno madogo 22, nyuma makubwa 34. Gurudumu linazunguka mara 0.65 kwa kila mzunguko wa pedali. Ya kisasa ya bei ya chini: mbele 32, nyuma 46. Hiyo ni 0.70. Ikiwa nyuma ni 42, ni 0.76. Kwa hiyo ya zamani ndiyo nyepesi. Mpaka ufike 50 au 51 nyuma ndipo ya kisasa inaishinda, kwa 0.64 au 0.63, na kaseti (meno ya nyuma) ya ukubwa huo si ya bajeti hii.

Kwa goti la Baba Rehema, mimi ningechukua tatu mbele.

#24 Pwani_Pedali
Hesabu nakubali. Urahisi sikubali. Direla ya mbele ndiyo ya kwanza kujaa tope.

#25 ShanzuUpepo
Mwaka 2023 Shimano walitoa familia ya CUES, ya gia 9, 10 na 11 nyuma, meno manene yaliyotengenezwa kudumu. Wanasema yanadumu mara tatu. Kama mtu anatafuta kutotunza, hiyo ndiyo jibu.

#26 FundiMakupa
Jibu la mwenye pesa. Mtumba wenyewe hazijafika. Mzee, gia nane au saba nyuma, mnyororo wake ni mnene na bei yake ndogo, unaupata Kongowea, unaupata Mwembe Tayari. Mnyororo wa gia kumi na mbili utaagiza Nairobi na kungoja.

#27 TangaKwetu
Kuna na zile za gia ndani ya habu, Nexus, mtumba wa Ulaya. Hakuna direla kabisa, hata tope halioni. Bibi mmoja hapa Tanga anayo mwaka wa sita.

#28 MwalimuHesabu
Nexus ya gia nane, gia kubwa ni kama mara tatu ya ndogo, na zile za saba ni chini ya hapo. Tambarare ni peponi. Mlimani utatamani moja zaidi. Na kutoa gurudumu la nyuma njiani kwa sababu ya pancha ni kazi ya subira.

#29 NyotaYaLikoni
Pancha! Hakuna aliyesema pancha. Kwa mwanzilishi pancha ndiyo inayomrudisha nyumbani na kumfanya aiache baiskeli. Upande wetu ni vioo. Upande wa Mariakani na kwenda Taru ni miiba ya migunga na mbigili. Mbigili haimwogopi mtu.

#30 Pwani_Pedali
Toa tyubu, weka utomvu wa kuziba. Mwiba ukiingia unajiziba wenyewe.

#31 ShanzuUpepo
Na kwa joto hili utomvu unakauka miezi miwili mitatu, unafungua tairi unakuta ngozi kavu. Hiyo nayo ni matunzo. Tyubu nene, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, pampu ndogo. Mzee ajifunze kuziba nyumbani kabla hajatoka, mara tatu, mkeka umetandikwa.

#32 Mrabai_Asili
Na ukikwama kwetu piga hodi nyumba yoyote. Watakupa maji kwanza, halafu wataleta ndoo ya kutafutia tundu.

#33 BabaRehema_Mikindani
Leo nimekwenda Kongowea na mjukuu. Kuna moja ya mtumba, fremu ya chuma, foki ngumu, tairi 26, gia saba nyuma tatu mbele, breki za rimu kama za Tanga. Elfu 14 na mia tano. Inanitosha urefu, rangi bado nzuri. Moyo umeitaka. Niangalie nini?

#34 FundiMakupa
Inua gurudumu la mbele, lizungushe, sikiliza beringi kwa kuweka kidole kwenye foki: ukihisi mchanga, acha au punguza bei. Shika krenki (mkono wa pedali), sukuma kushoto kulia, isicheze. Angalia chini ya fremu pale krenki inapopita, kutu ya Pwani huanzia hapo kwa sababu maji yanatuama. Na lazima, lazima, toa nguzo ya kiti. Isipotoka usinunue.

#35 BabaRehema_Mikindani
Nimerudi leo. Beringi nzuri. Krenki haichezi. Nguzo ya kiti haitoki, na iko chini mno kwa mguu wangu. Muuzaji ameteremka hadi elfu 11.

#36 FundiMakupa
Lete nikupashie moto kwa taa ya gesi, itatoka.

#37 BabaRehema_Mikindani
Fundi, hapa niruhusu niseme kama mtu wa vyuma. Ile nguzo ni aluminiamu na fremu ni chuma. Chumvi na unyevu vikiingia kati ya hizo mbili, aluminiamu inaota unga mweupe na kujifunga ndani. Ukipasha moto, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo utaikaza zaidi. Inatakiwa ubaridi: barafu ndani ya bomba la nguzo, ilainishwe na mafuta ya kupenya usiku kucha, ndipo uizungushe kwa spana kubwa. Bandarini tuliyatoa mengi hivyo.

#38 FundiMakupa
Mzee nimejifunza. Mimi hupasha fremu tu upande wa nje haraka, na nyingi zimetoka, lakini pia nimevunja mbili.

#39 TangaKwetu
Huyu ndiye mwanzilishi? 😄

#40 NyotaYaLikoni
Baba, usinunue. Umesema mwenyewe iko chini mno. Kiti cha chini na goti lako, kumbuka #9. Bei rahisi isikufunge macho.

#41 BabaRehema_Mikindani
Mama Nyota, nilikwenda nikiwa na pesa mfukoni na nikaondoka nazo kwa sababu ya neno lako. Nimepata nyingine kwa mtu anayehama Nyali. Aluminiamu, foki ngumu ya chuma, tairi 26 zenye upana wa 2.1, mbele tatu ndogo ni 22 (mwalimu nimehesabu kwa kidole), nyuma nane, kubwa ni 32. Breki za diski za waya. Nguzo imetoka kama kisu kwenye ala, nimeipaka grisi papo hapo. Elfu 22. Zilizobaki nimenunua helmeti, taa, tyubu nne, mnyororo wa akiba na pampu.

#42 MwalimuHesabu
22 kwa 32, ni 0.69. Inatosha. Hongera sana.

#43 Mtaalamu_Viungo
Hongera mzee. Mwezi wa kwanza uwanjani na njia za tambarare tu. Upepo wa tairi, kwa uzito wa kawaida, anzia 30 mbele na 33 nyuma kwa kipimo cha pampu (PSI), halafu shusha kidogo kidogo.

#44 KaramaJomvu
Hongera. Ila mnyororo utakushinda. Buffalo mnyororo wake ni wa kuzika nawe.

#45 BabaRehema_Mikindani
Wiki ya sita leo. Jumamosi nilitoka Mazeras hadi Rabai na kurudi. Kilima kimoja nilishuka nikasukuma, kingine nikakimaliza nimekaa, na nilipofika juu nilisimama nikalia kidogo, sijui kwa nini. Goti liko sawa. Kiti nimepandisha mara tatu.

Swali: mnyororo mpya umeanza kutu nyekundu. Wiki sita tu! Nafuta kila nikirudi. Kosa langu ni lipi?

#46 ShanzuUpepo
Chumvi ya bahari. Kwangu Shanzu hata bawaba za madirisha hazimalizi mwaka. Kusi ikivuma ndiyo kabisa.

#47 MwalimuHesabu
Mikindani si ufukweni kwenye mawimbi. Chumvi ya hewani hupungua haraka ukitoka ufukoni. Mimi nasema anaosha. Baba Rehema, unaosha wapi?

#48 BabaRehema_Mikindani
Mara mbili nimepitisha pale wanapoosha matatu, kwa ile mashine ya maji ya nguvu.

#49 MwalimuHesabu
Hapo hapo. Maji ya nguvu yanaingia kwenye vipini vya mnyororo na kutoa mafuta ya kiwandani. Kitambaa na ndoo tu.

#50 FundiMakupa
Mimi nasema mnyororo wenyewe. Ile ya kahawia isiyopakwa nikeli inashika kutu hata ukiiweka kabatini. Na mafuta gani unatumia? Wengi wanapaka oili chafu ya gari, inakusanya mchanga. Wengine mafuta ya kupikia, yanaganda kama gundi.

#51 BabaRehema_Mikindani
Oili ya cherehani ya mke wangu.

#52 FundiMakupa
Nyepesi mno. Inakauka siku mbili.

#53 TangaKwetu
Mimi natumia hiyo hiyo ya cherehani, mkuu, ila kila safari. Sina kutu.

#54 Mtaalamu_Viungo
Na jasho je? Mtu akiegemea usukani kwenye mlima, jasho linadondoka moja kwa moja. Jasho lina chumvi kuliko upepo wa Mikindani.

#55 NyotaYaLikoni
Kwenye mnyororo? Jasho langu linaishia kwenye bomba la juu na skrubu za usukani, huko ndiko nina kutu. Mimi nadhani ni pale unapoilaza. Yangu ilikuwa uani chini ya turubai la plastiki, umande unanaswa ndani usiku kucha. Nilipoihamishia ukumbini kutu ilipungua. Mume wangu alinuna wiki mbili.

#56 BabaRehema_Mikindani
Inalala uani chini ya turubai.

#57 Pwani_Pedali
Basi yote haya yanakuhusu mzee. Anza kuondoa moja moja uone ipi.

#58 Mariakani_Juu
Salamu, nimefuata uzi wote tangu mwanzo kimya. Mimi niko Mariakani, bahari siioni hata nikipanda mti. Baiskeli inalala ndani, sijawahi kuiosha kwa mashine, mnyororo una nikeli, naupaka mafuta ya duka la baiskeli kila Jumapili. Miezi miwili, na jana nimekuta kutu kwenye viungo saba vilivyofuatana, vingine vyote safi. Viungo saba tu. Kuna aliyewahi kuona hivyo?